Nyota tatu za Syria: bendera ya zamani, maana inayogombaniwa upya

Tangu utawala wa Bashar al-Assad uanguke tarehe 8 Desemba 2024, vyombo vingi vya habari, vikiwemo vinavyotangaza kwa Kiswahili, vimekuwa vikiieleza bendera ya kijani, nyeupe na nyeusi yenye nyota tatu nyekundu kuwa ni bendera mpya ya Syria. Wapo waliochungulia historia wakaisahihisha kauli hiyo: bendera hiyo si mpya hata kidogo, ni bendera ya uhuru iliyorejeshwa mahali pake. Kauli ya kwanza ni kosa la wazi, kwa kuwa kitambaa hicho kilipepea Damascus tangu mwaka 1932. Kauli ya pili ina kasoro iliyojificha zaidi, kwa sababu inachukulia kwamba kitambaa kinaporudi, maana yake ya kale nayo hurudi ikiwa nzima. Hoja yangu ni kwamba maana ya bendera ya Syria imewahi kubadilika bila uzi hata mmoja kubadilishwa, na kwamba nyota mbili kati ya zile tatu zilipewa maana mwaka 1936 kwa ajili ya maeneo mawili yaleyale yaliyoshuhudia mauaji makubwa mwaka 2025, yaani pwani ya Latakia na Mlima wa Wadruze. Anayetaka kujua kama hii ni bendera ya Wasyria wote hana budi kuanzia hapo.

Turudi nyuma kidogo. Mwezi Machi 1920 Wasyria walimtangaza Faisal kuwa mfalme wao, chini ya bendera iliyotokana na ile ya uasi wa Waarabu dhidi ya Waturuki, wakaiongezea nyota moja nyeupe. Ufalme huo haukumaliza hata miezi mitano. Tarehe 24 Julai jeshi la Ufaransa lilivunja nguvu za Wasyria katika vita vya Maysalun, kisha likaingia Damascus. Ufaransa haikuitawala Syria kama nchi moja. Iliigawa katika vijidola: Damascus, Aleppo, eneo la Waalawi kwenye pwani, na Mlima wa Wadruze upande wa kusini, hizi mbili za mwisho zikiwa za jamii ndogo za kidini zisizo za Wasunni walio wengi. Vijidola hivyo vilipewa bendera zake, na katika pembe ya juu ya bendera hizo waliwekewa Wasyria rangi tatu za Ufaransa, ili kila atakayeinua macho ajue mwenye nchi ni nani. Kwa maneno mengine, bendera nyingi zilikuwa chombo cha kugawa, na ndiyo sababu madai ya kuwa na bendera moja yakawa sehemu ya madai ya kuwa na nchi moja.

Mwaka 1928 lilichaguliwa Bunge la Katiba likiongozwa na Hashim al-Atassi, na kamati yake ya kuandika rasimu iliongozwa na Ibrahim Hananu, mtu yuleyule aliyepigana na Wafaransa kwa bunduki katika vilima vya Aleppo miaka michache kabla. Kamishna Mkuu wa Ufaransa, Henri Ponsot, alivikataa vifungu kadhaa vya rasimu hiyo, akalivunja bunge, na mwezi Mei 1930 akaitangaza katiba yeye mwenyewe baada ya kuichomekea kifungu cha kulinda mamlaka ya Ufaransa. Kifungu cha nne cha katiba hiyo ndicho kilichoeleza bendera: milia mitatu iliyo sawa, kijani juu, nyeupe katikati, nyeusi chini, na katika mlia mweupe nyota tatu nyekundu zenye pembe tano kila moja; ndiyo iliyoanza kupepea mwaka 1932. Rangi zilisomwa kama kumbukumbu ya vipindi vya historia ya Kiislamu na ya Kiarabu: kijani kwa Makhalifa Waongofu, nyeupe kwa Banu Umayya walioifanya Damascus kuwa makao yao makuu, nyeusi kwa Banu Abbas. Nyota zilisomwa kijiografia: Damascus, Aleppo na Deir ez-Zor.

Hapa ndipo jambo linalopuuzwa na wachambuzi wengi linapotokea. Mwaka 1936 ujumbe wa Syria ulikwenda Paris kujadili mkataba wa uhuru, na moja ya matunda ya mazungumzo hayo lilikuwa kuunganishwa kwa Latakia na Mlima wa Wadruze na sehemu nyingine za nchi. Ingetarajiwa bendera iongezewe nyota mbili. Haikuongezewa. Badala yake nyota zilezile zilisomwa upya: ya kwanza ikabeba Damascus, Aleppo na Deir ez-Zor kwa pamoja, ya pili ikawa ya Mlima wa Wadruze, ya tatu ikawa ya Latakia. Ni uamuzi wa kisiasa wenye uzito kuliko unavyoonekana. Miji mikubwa ya Wasunni, yenye wingi wa watu na utajiri, ilikubali kukaa katika nyota moja ili jamii mbili ndogo za milimani zipate kila moja nyota yake. Mkataba wenyewe haukuidhinishwa kamwe na bunge la Ufaransa, na mwaka 1939 maeneo hayo mawili yalitengwa tena, yakarudishwa mwaka 1942. Katika miaka ile mitatu ya kutengwa nyota hazikushushwa. Zilibaki zikidai kitu ambacho ardhini hakikuwepo, na nadhani huo ndio utumishi bora zaidi ambao bendera hiyo iliwahi kuufanyia nchi yake.

Bendera hiyo ndiyo iliyopepea tarehe 17 Aprili 1946 askari wa mwisho wa Ufaransa walipokuwa wameondoka, na ndiyo iliyoshushwa mwaka 1958 Syria ilipoungana na Misri ya Gamal Abdel Nasser kuunda Jamhuri ya Muungano ya Kiarabu. Bendera ya muungano ilikuwa nyekundu, nyeupe na nyeusi, ikiwa na nyota mbili za kijani, moja ya Misri na moja ya Syria. Muungano ulidumu miaka mitatu na nusu. Septemba 1961 maofisa wa jeshi la Syria waliuvunja na kuirejesha bendera ya uhuru, lakini Misri iliendelea kujiita Jamhuri ya Muungano ya Kiarabu na kupeperusha nyota mbili kwa takriban miaka kumi zaidi, ingawa nyota moja haikuwa na nchi tena. Msomaji wa Tanzania atalielewa jambo hili kwa urahisi. Bendera ya Tanzania ya mwaka 1964 ilichukua kijani, nyeusi na dhahabu kutoka Tanganyika na buluu kutoka Zanzibar, na muungano uliozikutanisha rangi hizo ungali upo, hata kama mijadala juu yake haijaisha. Kule Cairo alama ilibaki peke yake baada ya mkataba kufa.

Mapinduzi ya chama cha Baath ya tarehe 8 Machi 1963 yalileta nyota tatu za kijani, kwa ajili ya muungano wa Misri, Syria na Iraq ambao haukutimia. Mwaka 1972 nyota zikaondolewa na mahali pake akawekwa mwewe wa Kikureshi, alama ya shirikisho la Misri, Libya na Syria ambalo nalo lilikufa. Mwaka 1980, Misri ikiwa imekwisha kufanya amani na Israel, Rais Hafez al-Assad, baba yake Bashar, alirudi kwenye nyota mbili za Nasser. Kwa hiyo bendera ambayo dunia imezoea kuiita ya Assad haikubuniwa na Assad wala haikuwa ya ukoo wake. Ilikuwa bendera ya ndoto ya umoja wa Waarabu, na wako Wasyria wa rika la wazee walioipenda kwa moyo wa kweli. Kilichoigeuza ni matumizi. Kwa miaka arobaini na minne ilitundikwa kando ya picha ya baba, kisha ya mwana, kwenye kuta za vituo vya ukaguzi, magereza na ofisi za usalama. Katika miezi ya mwanzo ya maandamano ya mwaka 2011 waandamanaji wengi bado waliibeba, wakiamini kwamba ni yao pia. Kuelekea mwisho wa mwaka huo, baada ya kupigwa risasi na watu waliobeba kitambaa kilekile, waliiacha na kuichukua ile ya 1932. Hakuna sheria iliyobadilisha maana ya nyota mbili; ilibadilishwa na vitendo vya waliozishika.

Sasa tuzipime hoja zinazogongana. Iliyo dhaifu kuliko zote, na ambayo watetezi wa utawala uliopita waliirudia kwa miaka mingi, ni kwamba bendera ya nyota tatu nyekundu ni ya ukoloni, kwa vile ilizaliwa wakati wa udhamini wa Ufaransa. Ni kweli kwamba ilizaliwa wakati huo, na ni kweli kwamba aliyeitia saini katiba ni kamishna wa Kifaransa. Hata hivyo, tarehe ya kuzaliwa haimtaji mzazi. Ili kuona tofauti, tazama nchi nyingine iliyokuwa chini ya udhamini wa Shirikisho la Mataifa tangu mwaka uleule wa 1922, nayo ni Tanganyika: bendera yake ilikuwa bendera nyekundu ya Kiingereza iliyobandikwa kichwa cha twiga. Hiyo ndiyo bendera ya mtawala aliyeazima mnyama wa wenyeji. Bendera ya Syria ya mwaka 1930 haina chembe ya rangi tatu za Ufaransa katika pembe yake, tofauti na zile za vijidola, na sura yake inatokana na rangi ambazo Waarabu walikuwa wameshazichagua katika vita vyao wenyewe. Mei 1945 majeshi ya Ufaransa yalilipiga mabomu jengo la bunge la Damascus lililokuwa likipeperusha bendera hiyohiyo. Ni vigumu kuelewa jinsi mkoloni anavyoweza kushambulia alama yake mwenyewe.

Hoja ya pili ni nzito, na hairudishwi kwa somo la historia. Inasema kwamba hata kama mwaka 1932 bendera ilikuwa ya wote, kati ya 2011 na 2024 ilikuwa bendera ya upande mmoja wa vita. Mama wa Tartus, mji wa pwani ya Waalawi, ambaye jeneza la mwanawe lilifunikwa bendera ya nyota mbili hawezi kuambiwa kwamba kitambaa hicho kimekuwa aibu kwa siku moja na yeye akaitikia tu. Mkurdi wa Afrin, kaskazini magharibi, anakumbuka kwamba Machi 2018 bendera ya nyota tatu nyekundu ilipandishwa mjini kwake bega kwa bega na ile ya Uturuki, ikipandishwa na makundi ambayo yaliwafukuza jirani zake katika nyumba zao. Watu hawa wawili hawakosei wanapoisoma bendera kwa kilichofanywa chini yake, kwani ndivyo walivyofanya hata wale waandamanaji walioitupa bendera ya nyota mbili mwaka 2011. Haiwezekani kuikubali hoja hiyo kwa mmoja na kuikataa kwa mwingine.

Upande wa pili wa mizani kuna jambo ambalo wakosoaji hulipita haraka mno. Waliouteka mji wa Damascus hawakulazimika kuichagua bendera hii. Kundi kuu lililoongoza mashambulizi, Hayat Tahrir al-Sham, lilikuwa na bendera yake nyeupe yenye maandishi meusi ya shahada. Siku mbili baada ya Assad kukimbia, waziri mkuu wa mpito Mohammed al-Bashir alionekana kwenye kikao akiwa na bendera mbili nyuma yake, ile ya nyota tatu na ile nyeupe. Malalamiko yalikuwa makali, ndani na nje ya nchi, na bendera nyeupe ikaondolewa katika hafla za serikali. Tarehe 13 Machi 2025 Ahmed al-Sharaa, kiongozi wa kundi hilo aliyekuwa sasa rais wa mpito, alitia saini Tangazo la Kikatiba lililoitaja bendera ya kijani, nyeupe na nyeusi yenye nyota tatu nyekundu kuwa ya taifa kwa kipindi cha mpito cha miaka mitano, na tarehe 25 Aprili waziri wa mambo ya nje, Asaad al-Shaibani, aliipandisha mbele ya makao makuu ya Umoja wa Mataifa jijini New York. Mtu anaweza kudai kwamba ulikuwa ujanja wa kuzipendeza serikali za nje. Inawezekana. Lakini ujanja unaomlazimisha mshindi kujifunika alama iliyo pana kuliko kundi lake una faida yake: unawapa raia kipimo cha kumpimia.

Na kipimo hicho kilitumika mapema mno. Tangazo la Kikatiba lilitiwa saini siku chache tu baada ya mauaji ya pwani, ambapo mashambulizi ya wafuasi wa utawala wa zamani dhidi ya askari wa serikali mpya yalifuatwa na kulipiza kisasi juu ya vijiji vya Waalawi. Tume ya Uchunguzi ya Umoja wa Mataifa ilikadiria waliouawa kuwa takriban watu 1,400, wengi wao raia. Tarehe 3 Julai serikali ilizindua nembo mpya ya taifa, tai wa dhahabu mwenye nyota tatu juu ya kichwa, na ikaeleza kwamba manyoya kumi na manne ya mabawa yake ni mikoa kumi na minne ya nchi, bila kuacha hata mmoja. Ni njia ileile ya mwaka 1936, ya kuliambia kila eneo kwamba linaonekana ndani ya alama. Siku kumi baadaye mapigano yalianza Sweida, katika Mlima wa Wadruze, kati ya wapiganaji wa Kidruze na wa Kibedui. Vikosi vya serikali vilipoingia kwa maelezo ya kutuliza hali, vilituhumiwa kuwaua raia wa Kidruze, na familia nyingi za Kibedui nazo zikayakimbia makazi yao. Waliouawa walikuwa mamia kwa mamia. Katikati ya Agosti, katika uwanja wa mji huo, waandamanaji waliodai haki ya kujiamulia mambo yao walibeba bendera ya Wadruze ya rangi tano, na baadhi yao walibeba bendera ya Israel.

Picha hizo za bendera ya Israel zilisambaa sana katika mitandao yetu, na wengi walizihukumu kama ushahidi wa usaliti. Naiona hukumu hiyo kuwa ya haraka na isiyo ya haki. Sweida ndiyo nchi ya Sultan al-Atrash, aliyeongoza uasi mkuu wa Syria wa mwaka 1925 dhidi ya Wafaransa. Pwani ndiko alikotoka Saleh al-Ali, Mualawi aliyepigana na Wafaransa mapema zaidi, hata kabla ya Maysalun. Ukimweka Hananu wa Aleppo kando yao, una watu watatu kutoka maeneo matatu yanayolingana na nyota tatu za mwaka 1936. Jamii ya Sweida haikuwa mgeni aliyekaribishwa katika bendera hii. Ni miongoni mwa waliolipa gharama yake kabla haijashonwa. Watu wa namna hiyo wanapofikia hatua ya kuishika bendera ya dola jirani linaloikalia sehemu ya ardhi ya Syria, swali la kwanza linapaswa kuelekezwa kwa serikali iliyoapa chini ya nyota yao.

Mifano ya jirani inatufundisha tahadhari. Libya iliirejesha bendera yake ya mwaka 1951 baada ya Muammar Gaddafi kuanguka mwaka 2011, ikaachana na kitambaa cha kijani kitupu, na kwa kiasi kikubwa Walibya waliikubali. Kukubalika huko hakukuzuia nchi kugawanyika mwaka 2014, na serikali hasimu za mashariki na magharibi zimekuwa zikipeperusha bendera ileile moja. Iraq ilikwenda njia nyingine. Nyota zake tatu za mwaka 1963, zilizokuwa za muungano na Misri na Syria, zilisomwa upya chini ya Saddam Hussein kuwa maneno matatu ya kaulimbiu ya Baath. Mwaka 2004 baraza lililowekwa chini ya majeshi ya Marekani lilijaribu kuleta bendera mpya kabisa, nyeupe na buluu, ikakataliwa na umma kwa sababu haikuwa na mtu aliyeiombea. Suluhisho la mwaka 2008 lilikuwa dogo na lenye busara zaidi: nyota ziliondolewa, maandishi ya takbira (Allahu Akbar) yakabaki, na viongozi wa Kikurdi ambao walikuwa wamekataa kuipandisha bendera ya Baath katika eneo lao wakapata sababu ya kulegeza msimamo. Iraq ilifaulu kidogo pale Libya iliposhindwa kwa kuwa ilikaa mezani na wale walioumizwa na alama ile.

Kwa Syria, matokeo yake ni ya moja kwa moja. Tangazo la Kikatiba linataja rangi na nyota tu, na hapo ndipo penye nafasi ya kufanya kazi. Tayari wako wanaopendelea kuzieleza nyota tatu kama tunu za mapinduzi, kwa maneno mazuri kama uhuru na heshima. Nina wasiwasi mkubwa na tafsiri hiyo. Inapendeza masikioni, lakini inazihamisha nyota kutoka kwenye maeneo na watu wenye majina na kuzipeleka kwenye dhana ambazo kila mtawala anaweza kudai kuwa anazo. Ndivyo zilivyoishia nyota za Iraq. Tafsiri ya mwaka 1936 ina usumbufu wake, kwa kuwa inawaacha nje Wakurdi wa kaskazini mashariki, ambao hawakuhesabiwa wakati ule, na kwa kuwa inazisoma jamii kwa madhehebu. Usumbufu huo hata hivyo ndio thamani yake, kwa sababu unailazimisha serikali kujibu swali la Latakia na la Sweida kila inapopandisha bendera.

Njia iliyo wazi ni kuichukulia bendera ya sasa kama ya mpito kwa maana kamili ya neno hilo, hadi katiba ya kudumu itakapoandikwa, na kukiacha kifungu cha bendera kijadiliwe kama kifungu kingine chochote chenye ubishi. Sidhani kwamba mjadala wa kweli ungeishia kuitupa bendera ya 1932. Nina imani kwamba wengi, wakiwemo Wadruze na Waalawi, wangeichagua tena iwapo wangeulizwa kwa heshima. Kinachokosekana ni kuulizwa. Uchaguzi usio wa moja kwa moja wa wabunge uliofanyika Oktoba 2025 uliahirishwa katika mikoa ya Sweida, Raqqa na Hasakah kwa maelezo ya usalama, na viti vyao havikujazwa siku hiyo. Bunge litakalokaa kuandika kifungu hicho bila wajumbe waliochaguliwa kwa uhuru kutoka mikoa hiyo na kutoka pwani linaweza kupitisha vipimo vya kitambaa na aina ya wekundu wa nyota, lakini halitakuwa na mamlaka ya kusema nyota ya pili na ya tatu ni za nani.